Kosa Halikuwa la Mtandao

Jumanne, Malaba

Mama Nekesa, wakala wa forodha ninayemfanyia kazi, alikuwa anamfokea Ekisa, fundi wake wa intaneti: "Boss, mtandao wako unakatika kila nikituma makaratasi ya mizigo!" Ekisa akapanda mlingoti kwenye mvua kukagua antena.

Mimi nilishajua kosa lilikuwa langu. Programu ya mama inatumia maktaba ya mawasiliano salama, yaani msimbo wa kulinda data njiani, niliyoiandika mwenyewe. Faili ikiwa kubwa, kompyuta mbili, inayotuma na inayopokea, hubadilishana funguo mpya za siri za kufunga na kufungua data katikati ya kutuma, lakini msimbo wangu unaendelea kutuma kabla hazijakubaliana. Ya pili inapokea kitu isichoweza kukisoma, inakata.

Jioni nilirekebisha, data ikawa inasubiri funguo mpya. Faili zote zikapita. Ndipo nikamwambia mama ukweli.

Hakunigombeza. Alimpigia Ekisa papo hapo, akaweka spika. "Samahani baba, kosa lilikuwa huku kwetu."

"Sawa mama. Ni homa tu imenishika, hiyo mvua..."

Mama akanisogezea simu niongee. Niliitazama mpaka Ekisa akakata.