Kila Jina Limeitikiwa

Kwa umbu langu mpenzi Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba, tena marahaba nyingi. Mimi ni mzima ila uchovu, na huku uchovu hauhesabiwi ugonjwa. Mama hajambo? Ule mguu wake bado unamsumbua akipanda baraza? Na wewe, wamekwisha kukuweka ndani usionekane, au bado unachungulia dirishani kama ilivyo tabia yako? Barua yako ilinikuta nimekaa kizingitini natoa vumbi masikioni. Upepo wa huku Ugogoni hauna adabu, unaingia popote bila hodi.

Umeniuliza neno moja tu, kama nitakuwapo siku ya nikaha yako au sitakuwapo. Baba hayupo, babu hayupo, mimi ndiye walii wako, na wewe umesema hutaki kuozwa na mtu mwingine. Maneno hayo nimeyasoma mpaka nimeyashika kwa moyo. Nitakujibu, lakini niache nianze mwanzo, maana ukisikia mwisho peke yake utanikasirikia.

Shule yetu iko chini ya boma, mwendo wa kuchosha kutoka Mpwapwa. Mkuu wake ni Mdachi kijana tunayemwita Bwana Mwalimu, mtu mwenye homa za mara kwa mara na mapenzi makubwa ya sheria. Ngoma ikilia asubuhi, wanafunzi wajipange mistari mbele ya bendera. Mimi napita nawatazama kucha, masikio na nywele. Udongo mwekundu wa kupaka nywele ni marufuku, mkuki marufuku, mbuzi marufuku ndani ya ua. Kigogo hakisemwi mpaka mtu atoke langoni. Anayeitwa jina asimame, aseme “Nipo, Bwana,” kisha akae. Anayetaka kwenda haja achukue kibao kinachotundikwa mlangoni, na kama kibao hakipo, avumilie. Wakati mmoja mchwa walikila kibao, na darasa zima likateseka mpaka seremala wa boma alipochonga kingine. Hakuna aliyethubutu kwenda bila kibao, hata mimi.

Sheria iliyo kubwa kuliko zote ni ya kuhudhuria. Mtoto akikosa kuja, askari anamfuata baba yake, anamleta bomani, na bomani unajua kuna nini. Kiboko hakiulizi umri. Bwana Mwalimu anatunga sheria, mimi nazitekeleza, na sauti inayokauka ni yangu. Jioni narudi kwenye tembe nililopangishwa, nyumba ya udongo yenye paa bapa, nakula ugali wa uwele na mlenda, nakumbuka mchuzi wa nazi wa mama, nalala na viatu kwa kushindwa kuinama.

Nilipomwomba ruhusa ya kuja kukuoza, Bwana Mwalimu hakukataa. Alisema mkaguzi mkubwa anakuja kutoka pwani. Akiikuta shule imejaa na watoto wanasoma, nitapanda gari la moshi nije kwetu. Akikuta nafasi tupu, nitabaki. Nilitoka pale nikiwa na furaha kama aliyekwisha kufika. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya kwanza kwamba nakuja, na najua uliwasomea majirani wote.

Sasa sikiliza. Yuko mwanafunzi aitwaye Ndahani, mtoto wa mfugaji mmoja, Mzee Chidumizi. Alisoma ubaoni vizuri hata nikamsifu mbele ya wenzake. Kesho yake nikamwita tena. Akasimama, akasema “Nipo, Bwana,” akautazama ubao asijue hata a. Nikadhani ana homa. Nikamsogelea, nikaona masikio yake hayajatobolewa, na Ndahani masikio yake yametobolewa na kuvutwa mpaka yanakaribia mabega. Nikamuuliza yeye ni nani. Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba leo Ndahani ni yeye. Darasa likacheka, na mimi nilipowatazama wale wanaocheka, mmoja mmoja, nikatambua kwamba wengi wao nao hawakuwa wale wa jana.

Jioni nikaenda kwa Mzee Chidumizi. Alinipa kigoda na maziwa ya mgando, akaniuliza habari za kwetu, za mama na za mifugo yetu, nami nikamwambia tuna kuku. Alinisikitikia sana. Kisha nikamweleza kilichonileta, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mwalimu,” alisema, “jumbe alitaka nyumba yangu itoe mtu mmoja wa shule. Nikatoa. Bomani wakitaka mtu wa kubeba mawe, nyumba inatoa mtu, leo huyu, kesho yule, na mawe yanabebwa. Shule yenu imemkosa mtu wangu siku gani?”

Kwao jina lile halikuwa la mtoto, lilikuwa deni la nyumba, na nyumba ilikuwa ikilitimiza bila kukosa. Tena wana sababu. Kiangazi mto wa hapa ni mchanga mtupu, na maji yako chini, kwenye visima wanavyochimba katikati ya mchanga. Kila nyumba ina zamu yake ya kunywesha ng’ombe. Ndahani ndiye anayeshuka kisimani, kwa sababu kaka zake ni wanene mno kwa shimo lile na wadogo zake hawana nguvu ya kuinua maji. Nyumba ikikosa zamu, ng’ombe wangoje mpaka nyumba nyingine zote zimalize, na ng’ombe wa kiangazi hawana uwezo wa kungoja. Kwa hiyo siku ya zamu Ndahani yuko shimoni, na shuleni anaketi Ndahani mwingine. Nyumba zote zinafanya hivyo, na zote zinaona zinatii.

Ilinipasa kumwambia Bwana Mwalimu. Lakini nilijua askari wangepita nyumba hadi nyumba kuwakusanya akina baba, na Mzee Chidumizi aliyenipa kigoda angelazwa kifudifudi. Nikanyamaza. Nikaanza kufundisha kila somo mara mbili, na mara nyingine tatu, ili Ndahani wa leo asiachwe nyuma na Ndahani wa jana. Ndiyo maana nimechoka hivi, Zuhura. Nafundisha shule mbili kwa mshahara wa shule moja.

Wazee niliwaomba kwamba siku ya mkaguzi waje wale wanaosoma vizuri, nao wakakubali. Lakini mkaguzi hakungoja siku yake. Alifika asubuhi moja bila taarifa, ndevu zimejaa vumbi, na siku hiyo ilikuwa zamu ya maji ya akina Chidumizi. Mkaguzi akayaita majina mwenyewe, polepole, kama anayetafuta kosa. Kila jina likaitikiwa. Kisha akasema Ndahani aje asome.

Akatoka yule asiyetobolewa masikio. Nikatazama chini. Niliona harusi yako inanipita pale pale, mbele ya ubao. Mtoto akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakaa nalo, akalisoma. Akaenda la pili. Alisoma kwa kujikongoja, lakini alifika mwisho wa mstari, na sauti yake haikutetemeka. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba Ndahani mkubwa, akipumzika kutoka shimoni, huwaandikia wadogo zake herufi kwenye mchanga mbichi. Mimi sikumtuma kufanya hivyo.

Mkaguzi alifurahi. Alimwambia Bwana Mwalimu, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kwamba shule nyingine zote za wafugaji alizozikagua zinakuwa tupu kiangazi, na hii peke yake haijakosa mtu. Akauliza nani aliyewatia watoto hawa adabu hiyo. Bwana Mwalimu, namshukuru, akaninyoshea kidole. Moyoni nilikwisha kupanda gari la moshi, nimekaa karibu na dirisha.

“Basi huyu aende Kilimatinde,” mkaguzi akasema. “Kuna shule mpya huko, na watoto wanatoroka. Akawafundishe utaratibu huu.”

Bwana Mwalimu akamnong’oneza habari ya ruhusa yangu. Mkaguzi akasema ruhusa itafuata, shule ile ikikaa sawa.

Nilikuwa na neno moja la kuniokoa. Ningesema kweli, kwamba hakuna adabu wala utaratibu, kuna majina tu na watu wanaopokezana, ningefukuzwa kazi siku ile ile. Ningekuja kwetu na aibu yangu, lakini ningekuja, na ningekuoza. Nikafungua kinywa. Nje ya ua walikuwa wamesimama akina baba, wametoka kisimani, miguu ina tope, wamekuja kusikia kama watoto wao wamewaaibisha. Mzee Chidumizi akaniona, akaniinulia mkono kunisalimu, uso wake umejaa fahari.

Nikasema, “Ndiyo, Bwana.”

Basi jibu lako ndilo hilo. Siji. Usiku nililia, sikufichi, na bado kila nikikumbuka maneno ya barua yako naona haya. Kama utanikasirikia, nikasirikie mimi, usimkasirikie mkaguzi, yeye hajui ana deni lako.

Mbele ya mashahidi wawili, Mswahili mwenye duka la chumvi hapa na askari mmoja Mwislamu, nimempa baba mdogo uwakala akuoze kwa mchumba wako, kwa mahari mliyopatana. Mwambie sheikh hivyo, na mwonyeshe barua hii.

Msalimu mama, umshike mguu kwa niaba yangu. Msalimu shangazi aliyenilea, mwambie uwele umenifundisha kuheshimu mapishi yake. Msalimu mchumba wako, mwambie ana shemeji mwenye kinyongo kidogo, kitaisha tukionana. Na baba mdogo umwambie asinong’one kama kawaida yake. Sheikh akimuuliza, ajibu kwa sauti, watu wa nje wasikie.

Siku hiyo nitakuwa njiani, mahali fulani kati ya hapa na Kilimatinde, na mizigo yangu kichwani mwa mtu. Nitawaambia wachukuzi watue. Nitageuka nielekee pwani, nitayasema maneno yale ya kukuoza, yote, kwa sauti, hata kama hakuna wa kuyapokea.

Ni mimi kaka yako na walii wako,
Salim bin Juma