Mkojo wa Baba, na Mzee Jilala wa Migato

Bariadi, Simiyu

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba changu baada ya zamu ya asubuhi, mikono bado inanuka klorini. Mgongo wako unaendeleaje? Wanao hawajambo, na shemeji karudi salama kutoka Tanga? Baba nilimsikia juzi kwenye simu akisema hajambo, lakini mimi na wewe tunajua kuwa baba hajawahi kuwa na jibu lingine. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo ina mambo yake, nitakueleza.

Nimeona niandike kwa karatasi kwa sababu simu haitufai kwa hili. Ukipiga wewe unaweka spika ili baba asikie sauti yangu, nikipiga mimi anapokea yeye. Haya si maneno ya kusemwa mbele yake. Barua anakuja nayo mwalimu mmoja wa hapa ambaye kwao ni hukohuko Muheza. Shule zimefungwa, anakwenda likizo. Yeye kapata likizo.

Mimi sikupata. Ile niliyokuahidi, kwamba nitakuja nikae na baba mpaka afanyiwe operesheni ya tezi dume, imefutwa. Mwenzangu wa wodi ya wanaume kajifungua kabla ya wakati wake, na mwingine kaenda masomoni. Nilikwenda kwa muuguzi mkuu nikamweleza kuwa baba yangu ni mgonjwa na nyumbani hakuna nesi. Ni mtu mzuri, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanaidi, nikikuruhusu wewe, wodi ile nimwachie nani?" Akasema, "Wale mle ndani nao ni baba za watu." Nikatoka.

Uhamisho ndio usiseme. Wanataka nipate muuguzi aliyeko Tanga anayetaka kuja Simiyu, tubadilishane. Nimeuliza kwenye makundi yote ya manesi kwenye simu. Wananitumia vikaragosi vya kucheka. Basi nipo hapa, dada, na sioni mlango.

Sasa nije kwenye la baba. Uliponiambia kuwa mkojo wake umekuwa na ukungu na unanuka, na kwamba akikaa barazani na wenzake mfuko wa ule mpira wa mkojo aliowekewa anaupakata mapajani chini ya kikoi ili wasiuone, nilijua maambukizi yameingia. Nashukuru mlikwenda kituo cha afya akapewa dawa. Lakini ulisema pia hataki umsaidie, anaumwaga mwenyewe kwenye chupa ya maji ya kunywa, kisha chupa anaimwaga uwani. Ukaniuliza, "Sasa mimi mtoto wa kike nifanyeje?" Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Sikuwa na la kukuambia. Leo ninalo, na nimelipata kwa mzee mmoja wa huku anayeitwa Jilala.

Mzee Jilala ni mkulima wa Migato, mrefu, mkavu, ana ng'ombe na shamba la pamba. Aliletwa mkojo umemfunga kabisa, tumbo gumu kama ngoma. Tukamwekea mpira kama aliowekewa baba, na akaambiwa asubiri daktari bingwa wa upasuaji, ambaye anakuja hapa kwa msimu wake. Mkewe alikwisha kufariki. Wanawe walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali huko Bukundi kutafuta malisho. Aliyebaki wa kumuuguza ni mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, jina lake Minza.

Huku kwa Wasukuma, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Minza alikuwa akileta uji anauweka mlangoni mwa wodi, mgonjwa wa jirani ndiye anaupokea. Akitaka kumwamkia anasimama nje ya pazia, anapiga goti, anasema "Mwangaluka, baba," na mzee anaitikia akiwa ameelekea ukutani. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje amwage mkojo wa mkwewe? Nilijaribu. Akanishika mkono.

"Nesi, nisaidie. Nikimfunua yule, nitarudi Migato kwa uso gani?"

"Humfunui, mama. Unashika mfuko tu."

"Mfuko umetoka wapi? Si umetoka kwake?"

Nikawa namwagia mimi. Lakini wodi nzima naitazama peke yangu, kuna wenye dripu, wenye vidonda, waliovunjika, na mara nyingi nikimfikia mfuko umeshajaa hadi unavuta mpira. Siku moja nakuta hauko pale nilipoutundika, ubavuni mwa kitanda. Kaupandisha kitandani, kaulaza tumboni chini ya blanketi, vilevile kama baba na kikoi chake. Nikamwambia, mzee, maji hayapandi mlima. Mfuko ukiwa juu ya kibofu, mkojo uliokwisha kutoka unarudi ndani na uchafu wake. Akasema, "Binti yangu, mke wa mwanangu akipita pale mlangoni anauona. Unaning'inia kama kibuyu. Bora nife."

Wakati huohuo maji ya bomba yakakatika, na karo la chumba cha uchafu likaziba. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kuifanya kazi ya kumwaga wenyewe. Siku hiyo natoka kumfunga mtu kidonda, nakuta ndoo moja inazungushwa kitanda hadi kitanda. Huyu anafungua kikoki cha mfuko wa mgonjwa wake, kinagusa ndani ya ndoo, anafunga. Mwingine anaipokea ndoo hiyohiyo kwa mikono hiyohiyo, naye anafungua. Ikijaa wanakwenda kuimwaga kwenye mtaro nyuma ya wodi, pale wanapoanikia vyombo. Hawakuwa na nia mbaya, dada. Walikuwa wanasaidiana. Lakini vijidudu havina miguu, vinatembezwa na mikono yetu. Baada ya muda mfupi wagonjwa wawili wa safu ile walipata homa ya kutetemeka, mmoja kijana kabisa aliyeanguka kutoka mtini akaumia uti wa mgongo. Yule kijana alifariki. Mama yake alinishukuru kwa kumuuguza mwanawe. Alisema "wabeja" mara nyingi, ameshika mikono yangu yote miwili, na mimi nilitamani angenitukana.

Tangu hapo nikawa mkali. Kila mgonjwa na ndoo yake ndogo yenye mfuniko, na haihami kitanda. Muuguzi mkuu alitutafutia klorini, na mapipa ya maji yakawekwa mlangoni. Karo lilikuwa bado limeziba, kwa hiyo tukawa tunamwaga kwenye choo cha shimo nyuma ya wodi. Nilisimama katikati ya wodi nikawaonyesha ndugu wa wagonjwa jinsi ya kufanya, nikiwa na glavu na mfuko mpya uliojazwa maji. Minza alikuwa nje ya pazia. Nilidhani hasikilizi.

Halafu mvua ikanyesha, ile ya kwanza ya kulimia. Wodini wakulima wote walisikiliza bati. Mzee Jilala akaniita.

"Binti yangu, mvua hiyo iko na Migato?"

"Inawezekana, mzee."

"Wanangu hawajarudi. Nani atalima?" Akaushika ule mpira kwa vidole viwili. "Nimefungwa kama ndama. Ndama naye jioni anafunguliwa akanyonye."

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa, watu walipojaa, akaondoka. Alikuwa ameomba ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaukaza kwenye mpira wa mkojo ili usitoke, mfuko akauvaa ndani ya shati, akapanda bodaboda hadi kwake. Nilipogundua kitanda kitupu nilizunguka hospitali nzima, mpaka sokoni nilifika. Minza alikuwa kule anatafuta mboga. Nikamwambia mzee hayupo kitandani, na mvua imenyesha. Akaacha mboga zake akapanda pikipiki kumfuata.

Aliyoyakuta huko kanisimulia yeye. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa shamba, jembe pembeni, anatetemeka juani. Kibofu kimejaa na mkojo hauna pa kutokea. Alijaribu kuufungua ule ukanda, vidole vikamshinda. Majirani wote walikuwa mashambani. Minza alisimama mbali kidogo kama desturi, akamwita mara kadhaa, na mzee hakuitika tena. Ndipo akaenda. Akapiga magoti, akaushika ukanda, ukawa umelowa na kukaza, hauachii. Akaufungua kwa meno.

Mkojo ulikuja na damu na usaha. Mfuko ulipojaa, aliagiza mtoto wa jirani alete ndoo na majivu. Akakifungua kikoki bila kugusisha ndoo, akaenda kumwaga chooni taratibu, akanawa kwa maji na majivu mpaka viwiko, akarudi. Njia yote hadi Bariadi alikaa nyuma ya mzee kwenye pikipiki, mkono mmoja umemkumbatia asianguke, mwingine umeshika mfuko chini ya goti lake. Waliingia wodini alasiri, Minza ametapakaa tope mwili mzima. Aliniambia, "Nimeshika, nesi." Kisha akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa kitenge.

Tulimbadilishia mzee mpira, tukampa dawa za sindano. Alikuwa akiweweseka kwa Kisukuma, anaita ng'ombe kwa majina yao. Minza hakutoka tena kukaa nje. Alikaa upande wa miguuni, uso kaugeuza, na mfuko ukikaribia kujaa ananyoosha mkono, anafanya kazi yake, anaondoka na ndoo yake imefunikwa. Nilimtundikia kipande cha kitenge ubavuni mwa kitanda, ili aone mfuko peke yake. Mzee alipopata fahamu alilitazama pazia lile la kitenge, akamtazama na Minza. Nilidhani atamfukuza. Siku moja nampima joto, akasema kwa sauti ya kawaida, bila kupitia kwa jirani, "Mayu, maji." Mayu ni mama, dada. Huku hata binti huitwa hivyo kwa heshima. Minza akampelekea maji kitandani, akamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Mzee kapona homa. Lakini bado yupo. Daktari bingwa alikuja akaondoka foleni haijamfikia, na wanawe wamekuja wakalima wakarudi kwenye ng'ombe. Jana aliniuliza, "Wewe kwenu utakwenda lini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi tupo."

Dada, nimekueleza yote haya ili usiniombe tena nikwambie ufanyeje kama mtoto wa kike. Shika mfuko. Baba atakasirika, mwache akasirike. Mshonee mfuko wa kitambaa wa kuufichia ule wa mkojo, aufunge kwenye mguu chini ya goti ndani ya kikoi, akikaa barazani wenzake hawataona kitu. Usiku utundike ubavuni mwa kitanda, chini kuliko kiuno chake, ila usiguse sakafu, na uangalie mpira haujakunjwa wala haujalaliwa. Usingoje ujae. Ukivuka nusu, mwaga. Nawa kwa sabuni kwanza, vaa glavu, fungua kikoki bila kugusisha chombo, ukimaliza kifute na ukifunge. Chombo kiwe cha kazi hiyo tu. Zile chupa za maji zitupe zote, maana siku moja mwanao mdogo atakuja na kiu. Mimina chooni, ukiinama karibu usirushe matone, usimwage uwani tena. Suuza chombo, kianike juani kimeinamishwa, nawa tena. Mfuko usiuchomoe kwenye mpira ovyo. Amwoshe mwanao wa kiume pale mpira unapoingilia, kwa maji na sabuni kila siku. Na akipata homa, au mkojo ukiacha kuja, au ukaja na damu, usinipigie mimi. Kodi bajaji, mpeleke hospitali, mimi nitapigiwa baadaye.

Nimeliandika hilo la mwisho nikalitazama sana. Zamani jambo lolote la ugonjwa nyumbani nilikuwa napigiwa mimi kwanza. Lakini niko mbali, na kila ninapomwaga mkojo wa mtu hapa, najua yupo mmoja ambaye simmwagii.

Nisalimie shemeji na watoto. Mpe salamu shangazi, mdogo wake baba, mwambie kanga alizonipa bado nazivaa nikitoka kazini. Kaka Bakari akifunga safari kutoka machimboni mwambie apitie kwa baba hata siku moja. Jirani yetu mama Saumu, aliyekusaidia kumpakia baba kwenye bajaji, mwambie namwombea dua.

Baba usimsomee barua hii. Mwambie tu kuwa sitakuwepo siku ya operesheni. Usimwambie nina kazi nyingi, atasema sawa, atanisamehe, na sitaki anisamehe kwa hilo. Mwambie niliomba kuja nikakataliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaidi