Picha ya Mapaja ya Baba

Liz, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Baba mkubwa Obare, yule aliyekonda miguu hadi Isebania nzima ikasema ni ukimwi? Mwaka 1998 watafiti wa Nairobi walimwita wampige picha za misuli kwa MRI, ile mashine ya sumaku. Baba akamsindikiza.

Wakaomba ndugu mzima wa kumlinganisha naye. Baba akacheka. "Mimi hapa! Nabeba gunia la mahindi kama mto wa kulalia." Akaingia mashineni.

Liz, daktari alizitazama zile picha mara mbili. Kisha akamwonyesha Baba picha ya mapaja ya Baba mwenyewe. Mafuta yalikuwa yameanza kuchukua nafasi ya nyama.

"Ugonjwa ni ule ule, mzee. Ni wa ukoo."

Baba aliuliza jambo moja tu. "Mke wangu ana mimba. Mtoto je?"

"Anaweza kuurithi, anaweza kuukosa. Nusu kwa nusu."

Mimba hiyo ni mimi, Liz. Mimi.

Akarudi nyumbani akamwambia Mama wamemkuta mzima. Mzima! Alisema ukweli miguu ilipomshinda, akamwapisha asiniambie. Mama amenyamaza miaka yote, leo ndipo ameniambia.

Nikamuuliza, "Kwa nini leo, Mama?"

Hakunitazama. "Nyatichi, mwezi mzima nakuona ukiinuka kitini unajisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Baba yako alianza hivyo hivyo."

Sikujua kama nafanya hivyo. Liz, nimekaa hapa tangu aliponiambia. Naogopa kusimama.