Lori la Baba Lililolalia Kushoto

Msambweni,
Kwale.
Alhamisi, 7 Novemba 1963.

Mpendwa Shangazi Sidi,

Leo salamu zako zingoje kidogo barazani, maana nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mimi ndiye niliyelivunja lori la Baba.

Sasa shikamoo. U hali gani huko Kisumu? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila Bibi goti humsumbua kila mawingu yakijikusanya.

Unajua lori huegeshwa mteremkoni nyuma ya nyumba. Jumapili mchana, Baba akilala, mimi hupanda nikakaa penye usukani. Usukani huwa na joto la jua, kila kitu kinanukia mbata ya nazi, na kwenye kioo naiona njia yote mpaka kwako, ijapokuwa sijawahi hata kuvuka Likoni. Jumapili iliyopita niliota macho wazi, hata mkono ukaachia breki. Lori likarudi nyuma taratibu na mzigo wake wote. Gurudumu la nyuma la kushoto likatumbukia katika shimo la tanuu ya chokaa, likapanda ng'ambo, ndipo nikaivuta breki. Nilisikia kitu kikilia ta, kama karara kavu la mnazi likivunjika.

Asubuhi yake lori lilikuwa limelalia kushoto. Baba akapima upepo wa matairi, sawasawa. Mzigo ukashushwa, bado limelala. Akapima kwa fimbo toka chini hadi bodi, kushoto kumepungua vidole vinne. Fundi Mangi akaingia chini, akatoka na jibu: kamani, yale mabamba ya chuma yanayobeba mzigo, bamba moja limekatika.

Baba akaniita nimsomee kitabu cha lori, kwa kuwa ni cha Kiingereza. Kilisema kamani hukatika kwa mzigo uliolundikwa upande mmoja, au kwa gurudumu kutumbukia shimoni ghafla. Shangazi, sababu ya kwanza niliisoma kwa Kiswahili safi. Ya pili nikaimeza.

Macho yote yakamgeukia Kitheka, mpakiaji wetu, Mkamba wa mashamba mapya ya Shimba Hills.

"Mzee, magunia niliyapanga katikati, kama siku zote," akasema.

"Kitabu hakina chuki nawe, Kitheka. Jumamosi tuagane."

Kitheka alipopita kwangu akatabasamu. "Umesoma vizuri, mwalimu." Huniita hivyo tangu nilipomfundisha kuandika jina lake.

Fundi ataweka kamani mpya pande zote mbili, kwani ukibadilisha ya kushoto peke yake, lori litalalia kulia. Hilo pia limo kitabuni, nalo nililisoma kwa sauti. Sasa lori limepandishwa juu ya magogo, na kutoka dirishani naliona kama linaelea. Kesho kutwa litashuka, limesimama wima, na Kitheka hatakuwapo kuliona.

Nilitaka wewe umwambie Baba, maana wewe, dada yake, hukusikiliza. Lakini barua itakufikia wiki ijayo, na Jumamosi ni kesho kutwa.

Wasalimie wanao, Ngala na Mwinga. Bibi anakuombea Mungu akupe pumzi nyepesi na safari ya kuja kwetu.

Nasikia makubadhi ya Baba ukumbini. Tangu nianze kuandika, kila nikisikia nyayo nimekuwa nikiifunika karatasi hii kwa daftari la hesabu. Safari hii daftari nimelisukuma kando. Kiswahili Baba anakisoma vizuri.

Mwanao akupendaye,
Mbodze.