Ukuta wa Kupimia Taa

Garejini, Custom, Juba
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mwanao Wani. Mwili ni mzima, ila vumbi limenikaa kifuani na sauti imekuwa ya mzee. Wewe je, miguu imepunguza kuvimba? Bado unapanda kile kilima cha kisimani mwenyewe, au Poni ameshakukataza? Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kibari changu ni cha mdomo tu, sikukifunza kukaa kwenye karatasi, na Poni atakusomea. Dada, nakujua. Soma yote. Usiruke pabaya halafu ukamwambia Mama, "Anasema yuko salama."

Yule dereva wa lori alinifikishia ujumbe. Kwamba umeshagawa kuku, cherehani umemwahidi mtu, na huko Kitale unangoja neno langu tu ndipo upande gari urudi nyumbani. Neno hilo ndilo lililonikalisha chini leo. Lakini kwanza lazima nikueleze habari ya gari. Ukiona nazunguka, nivumilie, maana nikianzia mwisho nitatukana, na leo ni Jumapili.

Baba mdogo Lado siku hizi ni mtu mkubwa. Yule uliyempikia uji alipokuja kwetu kutoka vitani msituni, amevaa viatu visivyofanana, sasa ana ofisi, ana mlinzi, ana tumbo. Nilipofika alinikumbatia mbele za watu akasema mimi ni damu ya kaka yake. Sikumwomba kazi wala chakula. Nilimwomba anionyeshe kiwanja cha Baba, pale mlipokaa kabla ya vita, ili niinue hata chumba kimoja kabla hujafika. Mimi ningekijuaje? Nilitoka Juba nikiwa mgongoni mwako. Nilichokuwa nacho ni lile jiwe ulilotusimulia miaka yote: jiwe pana la kusagia lililokuwa nyuma ya nyumba, shimo moja la mtama, shimo moja la simsim, na pembeni kishimo alichokichonga Baba ili Poni asage mchanga wake aache kukusumbua.

"Bukra," Baba mdogo akaniambia. Kesho. Mama, kesho ya Juba ina miezi mingi.

Halafu akaniletea gari hapa garejini ninapofanya kazi. Si gari la kubebea kitu, ni lile la vijana wenye fedha, jekundu, milango miwili, limekaa chini hata paka hawezi kulala uvunguni. Limetoka Japani kupitia Mombasa, likaletwa huku ambako barabara ina mashimo ya kuficha mbuzi. Taa zake kubwa hulala ndani ya boneti. Ukiwasha, vifuniko viwili vinainuka na taa zinachomoza kama macho ya chura. Vumbi lilikuwa limekula meno ya mota, jicho moja likawa linaamka na lingine linalala. Gari likawa linakonyeza. Lilikonyeza wauza mboga, likakonyeza wanajeshi kwenye kizuizi cha barabara, na siku moja likamkonyeza mkubwa wa Baba mdogo nje ya ofisi. Watu walicheka hadi habari ikafika mtaa wa sokoni, Malakia.

"Wani, toa hii macho," akaniambia. "Weka ingine ya kukaa, ya kulala sawa na bodi. Ukimaliza, kalas, nakupeleka kwa kiwanja ya baba yako."

Unafikiri nililala? Niling'oa mota, nikakata vifuniko, nikajenga vitako vipya kwa faiba. Vioo vya kuzifunika taa nilivikata kwenye plastiki ngumu inayoonyesha, nikailainisha juu ya jiko la makaa na kuikunja kwenye kalibu ya udongo mpaka ikafuata mwili wa gari. Niliharibu vipande, nikaungua vidole, nikaanza tena. Nilipiga msasa wa maji mpaka ukipitisha kiganja kutoka boneti hadi kwenye taa huhisi pa kuungania. Ilikuwa kazi nzuri, Mama. Najisifu mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyenisifu.

Kato, Mganda anayepaka rangi hapa garejini, alinitazama kwa siku nyingi, kisha akaweka bomba lake chini.

"Wewe nafanya gari ya mtu kama ya harusi yako," akasema. "Huyu mzee iko nakuchezea. Kama kiwanja iko, si angekuonyesha siku ile ulifika?"

Nilimwambia afunge mdomo, mambo ya familia yetu hayajui. Sikumsemesha wiki nzima, na yeye ndiye aliyekuwa akinigawia chakula chake. Sasa namwonea haya.

Nikafanya kosa moja, kosa la mtu aliyekulia Kenya. Taa nilizoweka zilitoka kwenye gari la kwetu. Huko tunapita kushoto, kwa hiyo taa hutupa mwanga wake wa mbali upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara. Hapa wanapita kulia. Jioni ya kwanza Baba mdogo alipotoka nalo aliwamulika machoni madereva wote waliokuja mbele yake, wakamtukana kwa Kiarabu chote walichonacho. Akarudi garejini amefura.

"Hata taa yako ni ya Kenya," akasema mbele ya kila mtu. "Wewe na taa yako, kwenu ni wapi?"

Wakacheka. Swali hilo huulizwa kila siku, Mama. Naulizwa sokoni kwa sababu Kiarabu changu kibovu, naulizwa kanisani, naulizwa na watoto wa bodaboda. Nilikuwa nimezoea. Kuulizwa na ndugu wa baba yangu ndiko sikukuzoea.

Nikaenda Malakia, nikapata taa za pikapu iliyotoka Khartoum, nikabomoa, nikajenga upya. Sasa zilihitaji kupimwa. Taa hupimwa jioni, gari likiwa mahali tambarare, mbele ya ukuta ulionyooka. Unapima kimo cha taa kutoka chini, unachora alama ya chaki ukutani, kisha unazungusha skrubu mpaka mwanga ukae chini kidogo ya alama. Garejini kwetu ukuta ni mabati na mikeka. Baba mdogo akafikiri kidogo, akasema mtaa wa New Site kuna ukuta mpya.

Kweli ulikuwa mpya, mrefu, umepigwa plasta laini, na geti la chuma la bluu.

"Nyumba ya nani?" nikauliza.

"Yangu. Ya nani tena?"

Miezi yote hiyo nilijua anakaa Malakia. Nikapiga magoti, nikachora alama zangu, nikawasha. Mwanga ukalala sawasawa ukutani, na upande wa kulia ukapanda kidogo kama inavyotakiwa. Pale mwanga ulipoishia, ukuta ulikuwa umepandishwa juu ya jiwe. Waashi walishindwa kuling'oa, wakajenga juu yake, nusu ikabaki ndani na nusu nje. Nikasogea niangalie alama yangu. Kwenye ile nusu ya nje kulikuwa na mashimo mawili ya kusagia, laini ndani kama bakuli. Pembeni yake, kishimo.

Nikaweka kidole humo. Alama za patasi bado zipo.

Geti likafunguka, mwanamke akatoka na kopo la maji akamimina kwenye kile kishimo. Kuku wakaja wakanywa. Ndiye mke mpya wa Baba mdogo, ana adabu, alinisalimia vizuri.

"Baba mdogo, kiwanja cha Baba kiko wapi?" nikauliza.

"Mbele huko. Bukra."

"Na hili jiwe?"

Akalitazama, kisha akatazama taa. "Mawe iko mingi Juba, Wani. Taa imekaa sawa?"

Nikamjibu imekaa sawa, kwa sababu ilikuwa imekaa sawa. Nimejilaumu tangu siku ile kwamba sikuokota nyundo. Njiani aliniambia ukija nikulete kwake, kuna chumba nyuma karibu na jiko, na mke wake anahitaji mtu wa kumsaidia. Alisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio unaoninyima usingizi. Namchukia, Mama. Najua ni shemeji yako, najua mlizika watu pamoja, lakini namchukia.

Nitakwenda kwa chifu, nitakwenda kwa watu wa ardhi, hata wakiniambia bukra. Nitumie majina ya majirani wenu wa zamani, nitafute aliye hai. Wewe lakini usije. Neno ulilokuwa ukilingoja ndilo hilo. Sitakuona ukipita kwa geti lile ukawamwagie kuku maji.

Nisalimie mjomba mlinzi wa shule, na shangazi wa kwaya, mwambie wimbo wake hapa wanauimba vibaya. Watoto wa Poni nawabusu wote. Yule uliyemwahidi cherehani, mwombe radhi, mwambie bado unashona. Na mama mwenye nyumba, mwambieni asitafute mpangaji mwingine. Mwambieni tulikosea, tulidhani tuna kwetu.

Ni mimi mwanao,
Wani