Usingizi wa Baba Chini ya Meza ya Kukatia

Wodi ya Wanaume,
Benchi la ukutani,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Shemeji hajambo? Na binti yenu, yale meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kwa pengo? Mgongo wako je, umepata nafuu na huko kukaa kwenye usukani kutwa? Sisi huku tupo. Mama yupo, mimi nipo. Baba naye yupo, na neno hilo siku hizi nalitamka polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto.

Jumapili nilikwambia kwenye simu kwamba Baba ana homa kidogo. Haikuwa homa. Mama alikuwa amenikanyaga mguu nisije nikakushtua. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwa sauti nitalia, kisha nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie leo hii. Kaa chini kwanza.

Unaikumbuka sheria ya dukani. Baba akishakula mchana hujinyoosha sakafuni chini ya meza ya kukatia, kitambaa usoni, na vyerehani vyote hunyamaza. Hata bwana harusi alisubiri mlangoni. Ijumaa alikula nusu sahani, akalalamika gesi kifuani, akanywa maji ya moto, akaenda kulala kwake. Tukazima mashine kama kawaida.

Baadaye kidogo akaanza kukoroma. Mkoromo wenyewe ulikuwa wa ajabu: anavuta mara moja kwa nguvu, kimya kirefu, halafu anavuta tena. Kibiriti, yule fundi wa ovaloki anayewaka upesi, akaziba mdomo akicheka, eti leo mzee anapasua mbao. Nami nikacheka, Kaka. Tulicheka kimyakimya tusije tukamwamsha.

Bahati yetu ni mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua suruali yake na hakutaka kusikia habari za kungoja mzee aamke. Niliinama nimwamshe Baba. Nilipoondoa kitambaa, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamtikisa mabega, nikamwita kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mle dukani. Hakujibu.

"Si anakoroma?" Kibiriti akasema. "Anayekoroma ni mzima!"

Mwalimu alikuwa ameshapiga namba ya dharura, akaweka simu kwenye spika. Mwanamke wa upande wa pili akauliza kama mgonjwa anapumua. Nikasema anakoroma. Akataka nimwambie "sasa" kila anapovuta pumzi. Nikasema sasa. Tukangoja. Tukangoja mno.

"Dada, huko si kukoroma," akasema. "Moyo umesimama. Anza kukandamiza kifua sasa hivi."

Tukaisukuma meza, pini zikamwagika sakafuni, nikapiga magoti kando yake. Nikafanya kama alivyoniambia: kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Nikandamize kwa nguvu, kifua kishuke karibu urefu wa kidole gumba, kisha nikiache kiinuke chenyewe. Tena haraka, karibu mara mbili kwa sekunde. Nikashika mwendo wa kanyagio la Baba anaposhona mshono mrefu, maana mwendo huo nimeusikia tangu tumboni.

Kisha kitu kikalia chini ya viganja vyangu. Ubavu. Nikaondoa mikono nikipiga kelele kwamba nimemvunja Baba.

"Ubavu utaunga! Rudisha mikono!"

Nikairudisha. Mikono ilipolegea Kibiriti alinipokea, machozi na kamasi vikimtoka pamoja, nami nikampokea tena. Hatukuacha mpaka watu wa gari la wagonjwa walipoingia. Walimbandika vitu viwili kifuani, mashine yao ikasema yenyewe asiguswe na mtu, ikampiga shoti. Ya kwanza, kimya, wakaendelea kukandamiza. Ya pili, moyo ukashika.

Aliamka Jumapili usiku. Ijumaa haikumbuki hata chembe, ila mbavu anazikumbuka kila akikohoa. Sasa Mama anasema hiyo gesi ilianza tangu mwezi uliopita na alikatazwa kuitaja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kilibisha hodi tukakicheka.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie. Daktari anasema moyo ule unaweza kusimama tena bila taarifa. Anataka amwekee kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kiwe kinaushtua chenyewe ukipoteza mwendo. Baba amekataa. Eti mwili wake si koti, hauongezwi mfuko. Jibu linatakiwa Ijumaa. Akishikilia hivyo, Jumamosi anarudi nyumbani na moyo uleule, na ameshauliza kama meza imerudishwa mahali pake.

Mpigie, Kaka. Mimi ananiona mtoto, na Mama akianza tu anageukia ukutani. Wewe ni kifungua mimba wake, anakusikiliza hata kwa habari za mvua. Usimpigie kwa ukali.

Na huko kwenu mjifunze, wewe na Shemeji. Mtu mzima akianguka, haitiki, pumzi zake zinakwenda kwa kuachana, usikae kubishana kama amelala. Ita msaada, kandamiza. Nawe kifua kikikubana, usinywe maji ya moto ukanyamaza. Mmefanana mno, na hilo linaniogopesha.

Siwezi tena kusikia mtu amelala. Jana alikoroma hapa, mkoromo wake wa siku zote, nikamtikisa mpaka mashine ikapiga kelele na nesi akaja mbio. Baba akafungua jicho moja. "Mmeninyima kufa, sasa mnaninyima usingizi." Wodi nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Mama anakusalimu sana. Shangazi pia, na Kibiriti, ambaye siku hizi hawaki kabisa.

Ngoja, Baba alikuwa anakoroma, amenyamaza.

Nimerudi. Alikuwa macho, ananitazama. Akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Kasema nikusalimie, na usijitie gharama za safari. Halafu akauliza hicho kifaa kina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akachukua kipimo hicho kwa vidole vyake, akakipeleka kifuani upande wa kushoto, akakisogeza juu kidogo, pale anaposhonea mfuko wa koti.

Hajakubali bado. Piga simu sasa hivi, Kaka, vidole vyake bado viko hapo.

Mungu awalinde mkilala na mkiamka.

Mdogo wako akupendaye, asiyelala.