Tarot ya Kizamani na Mgeni kutoka Siakago

Ruiri, Jumamosi ya upepo, Agosti

Upepo wa leo si wa mchezo. Umeamka kabla yangu, ukaangusha ndoo huko nje, kisha ukaniletea vumbi la barabara nzima mpaka kwenye meza niliyokuwa nimetoka kupanguza. Lakini wacha uvume. Nina furaha mpaka mashavu yananiuma, na nitaeleza kwa nini, ila lazima nianze na kadi.

Wanaopita hapa kunisoma mara kwa mara wanajua kwamba tangu Juni nimekuwa nikitamani tarot. Kwa wasiojua, ni pakiti ya kadi sabini na nane ambazo watu huzipanga mezani wakijiuliza mambo ya maisha yao. Mimi nauza dawa za mifugo hapa sokoni na ninaimba kwaya, sauti ya pili. Sitafuti uganga. Nataka tu kitu cha kunikalisha chini nifikiri, maana nikiachwa na mawazo yangu naishia kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Kuchagua ndiko kulikonitesa.

Kila nilikouliza mtandaoni jibu lilikuwa moja: wewe unaanza, chukua ile yenye picha ya watu kwenye kila kadi. Ukitoa kadi unaona mtu analia, au mwingine amelala na panga kumi mgongoni, basi umeelewa, huhitaji mwalimu. Ile ya mtindo wa zamani haina huruma hiyo. Ina wafalme na malkia wake, ina picha kubwa ishirini na mbili, lakini zilizobaki ni vitu vitupu: vikombe vinne, sarafu sita, fimbo tisa. Zinakaribia kufanana na kadi za kawaida za kuchezea. Nilisoma hata kwamba huko zilikoanzia, Italia, zilikuwa za mchezo kwanza, mambo ya kutabiri yakaja baadaye sana.

Na moyo wangu, mkaidi kama mwenyewe, ukaenda kwa hiyo ya zamani.

Nadhani ni kazi imeniharibu. Mkulima anaingia dukani ananiambia, "Kendi, mbuzi wangu ana huzuni." Basi. Hana picha, hana maelezo. Ni mimi niulize anakula, anakojoaje, tumbo likoje, na kabla hatujamaliza huwa tumejua ni minyoo. Nilitaka kadi za hivyo, za kunilazimisha niulize. Halafu nilizipenda sura zake. Zimechorwa kama zimechongwa kwenye mbao, rangi nyekundu, njano na buluu, na wote wanaangalia kando kama waumini mtu akiingia kanisani kwa kuchelewa.

Muuzaji alinipigia simu kutoka Nairobi kabla ya kutuma. "Madam, una uhakika? Wanaoanza huwa wanairudisha hii." Nikamuuliza mambo mawili tu, kama kadi si kubwa sana kwa mikono yangu midogo na kama si ngumu kuchanganya. Akasema ziko sawa. Nikamwambia alete.

Zilifika Alhamisi. Majina yameandikwa kwa Kifaransa, na ile kadi ya kifo, yule wa mifupa mitupu anayefyeka kwa mundu mrefu, haina jina kabisa. Nikacheka, nikasema hawa watu wa zamani walikuwa waoga kama mimi.

Sasa jambo la leo.

Njeru ni mtu wangu, anatoka Siakago, na leo ndiyo siku mama yake alikuwa anakuja kuniona nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Kwao Mama ndiye mlango. Asipofungua, wazee hawatumwi na mahari hayazungumzwi. Kuna msichana mwingine kabla yangu aliyekataliwa kwa sababu ya sufuria iliyong'aa nje na kuungua ndani. Tena Mama Njeru ni kiongozi wa akina mama kanisani. Nampenda Njeru, nampenda vibaya, na wiki nzima nimekuwa nikisugua sufuria ndani na nje kama mwendawazimu.

Kwa hiyo asubuhi, githeri yangu ya mahindi na maharagwe ikiwa jikoni, nikakaa sebuleni nikachanganya kadi nikauliza: huyu mama atanikubali?

Saba ya fimbo.

Fimbo saba zimepishana, na maua kidogo pembeni. Basi. Nikaigeuza juu chini. Bado fimbo. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule muuzaji, nikajiona mjinga mkubwa, kwa sababu siku ninayohitaji kuambiwa kitu, mimi na ukaidi wangu tumenunua kadi bubu.

Nikiwa bado nazozana na fimbo, honi ikalia getini. Wamefika mapema mno. Wueh! Nilikusanya kadi zote, nikazisukuma chini ya mto wa kochi, nikavuta kitambaa juu, nikakimbia kufungua na mwiko mkononi.

Na wewe fikiria mwenyewe Mama Njeru alikaa wapi.

Alikuja na asali na ndengu za Siakago. Tukasalimiana, Kimeru changu na Kimbeere chake vikakutana katikati, na palipokwama Kiswahili kikatuokoa. Akaangalia ukuta. Akaangalia dari. Akajisogeza kochini, akajisogeza tena, kisha akaingiza mkono chini ya mto na kutoka na pakiti yangu.

Njeru, ambaye alijua kadi hizo ni za nini, akaanza kuchunguza kiatu chake.

Mama akavaa miwani. Akafunua kadi ya kwanza, vikombe vinne. Ya pili, sarafu sita. Ya tatu, fimbo tisa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kuomba msamaha.

"Kumbe humu mnacheza kadi," akasema. Halafu akavua koti. "Nani anagawa?"

Aki sijawahi kuona kitu kama hicho. Mama mzima wa kanisa alizichanganya kadi zile zikalia trrr kama mashine ya cherehani. Alituwekea sheria pale pale, zile zile za kadi tunazozijua: unafuata namba au unafuata aina, ya mbili mwenzako anakula mbili, yaani anaokota kadi mbili zaidi, na ukibakiza ya mwisho unatangaza "niko kadi". Panga zilimshangaza kidogo, akasema ni za kukatia mahindi, tukaendelea.

Kisha picha zikaanza kutoka. Mfupa mwenye mundu alipotua mezani nilifumba macho. Mama akamtazama kwa huruma. "Huyu anafyeka na hata hajala. Mpe githeri." Akaamua kwamba huyo anaruka mtu mmoja.

Na baada yake akaja mwenye pembe. Jina lake liko kwa Kifaransa, lakini pembe ni pembe, na Mama Njeru si mtoto. Alimkazia macho. Mimi nikasema kwa sauti ya panya kwamba huyo ni kama jokeri wa kadi za kawaida.

"Sawa," akasema polepole. "Akiwekwa huyu, anayefuata anakula tano."

Nilikula tano. Njeru akala tano. Tulicheza mpaka githeri ikashika chini ya sufuria, ndiyo, ile sufuria niliyoisugua wiki nzima, na hakuna aliyeinuka. Mama alishinda mchezo wa kwanza, akashinda wa pili, akashinda wa tatu, na kila akisema "niko kadi" alikuwa anapiga goti lake kofi na kunicheka usoni. Michezo miwili ya mwisho mwenye pembe sikumwona tena. Nilidhani yuko chini ya pakiti.

Walipoondoka alinishika mkono akaniambia nimekaribishwa Siakago Desemba. Kuhusu mahari, wazee, au sisi, hakusema neno. Nikabaki nimesimama getini na vumbi machoni, nikijiuliza kama hiyo ni ndiyo, au ni adabu tu ya mgeni aliyeshiba.

Nikarudi ndani kukusanya kadi. Zikapungua. Nikaangalia chini ya meza, nikaangalia kwenye kikapu cha vitunguu. Mwishowe nikainua mto wa kochi alipokuwa amekaa.

Mbili ya vikombe. Mbili ya panga. Na mwenye pembe mwenyewe, amekunjika sikio moja.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kiongozi wa akina mama alikuwa amemkalia Shetani michezo miwili mizima ili asile tano!

Nikampigia Njeru, ambaye alikuwa ameshamshusha mama yake nyumbani. Nilimweleza nikijua nitamwaibisha. Akapiga kelele nikaondoa simu sikioni. "Ameiba? Kendi, una uhakika ameiba?"

Nikamwambia kadi ziko mkononi.

"Mama akicheza na wageni haibi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huwa anatuibia sisi watoto wake tu."

Nimekaa hapa na hayo maneno tangu hapo. Nimelia kidogo, nikakwangua sufuria, nikalia tena, nikala asali na kijiko. Saba ya fimbo nimeirudisha kwenye pakiti, bado sijui inasema nini na leo sina haja ya kuiuliza. Sikio la mwenye pembe nimelilaza chini ya kitabu cha nyimbo linyooke.

Desemba naenda Siakago na kadi zangu. Na kabla hazijagawiwa, mto wa kochi nitaukalia mimi.